Nukta Iliyotafuta Luano

Ndege imepita. Mmeisikia? Imepita chini kabisa, taa zikimetameta tumboni, mabati ya paa yakatetemeka kidogo, kisha ikashuka nyuma ya miti kuelekea uwanja wa Luano. Sisi majirani wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi tumezoea. Kuku nao wamezoea. Hawainui hata kichwa.

Lakini mpwa wangu mdogo aliinua kichwa.

Umeme ulikuwa umekatika. Mbabula ilikuwa inawaka katikati ya ua, makaa yamekuwa mekundu, na kambo alikuwa anangoja maji yachemke asonge bukari, ugali wetu. (Wasomaji wangu wa Mombasa na Dodoma, msishtuke. Huku kwetu kambo ni bibi mwenyewe, mzazi wa mama. Hana undugu na yule mama wa kambo wa kwenye hadithi zenu.)

"Mjomba," akaniita, "rubani anaiona nyumba yetu?"

"Anaiona."

"Anajua kwamba ni yetu?"

Nikaweka kikombe chini. Hilo ni swali la mtu mzima, nikamwambia, na wengi wanazeeka bila kuliuliza. Kuona ni kitu kimoja. Kujua ni kitu kingine. Njoo karibu na moto, mpwa wangu, wewe na wenzako. Nitawasimulia habari za Nukta.

Nukta aliishi ndani ya simu yangu hii hii. Mnamjua. Ni yule mdogo wa buluu anayekaa juu ya ramani na kupumua, mara anapanuka, mara anasinyaa. Siku moja nilimwambia, "Nipeleke Luano." Nukta akajibu kwa sauti nyembamba:

"Mimi ni Nukta. Sina mkono, sina mguu, sina jina. Nina nambari mbili tu. Nipe nambari, nikufikishe."

"Nambari gani, Mjomba?" Mtauliza, na mna haki ya kuuliza. Tazameni ua huu. Nikitaka kuwaonyesha gizani mahali kambo alipoficha karanga, nitasema: anzia mlangoni, nenda hatua tano kushoto, kisha hatua tatu mbele. Nambari mbili, mmefika. Dunia nayo ni ua mkubwa, na watu walikubaliana mahali pa kuanzia kuhesabu. Mstari wa kwanza ni Ikweta. Huo unapita ndani ya nchi yetu wenyewe, huko juu karibu na Mbandaka. Mstari wa pili unashuka kutoka kaskazini hadi kusini na kupita Greenwich, London. Mataifa yaliuchagua mwaka 1884. Ukihesabu kutoka Ikweta kwenda juu au chini, unapata latitudo. Ukihesabu kutoka Greenwich kwenda mashariki au magharibi, unapata longitudo. Hatua za kuhesabia huitwa nyuzi.

Luano iko nyuzi 11.59 chini ya Ikweta, na nyuzi 27.53 mashariki ya Greenwich. Kwa kuwa tuko chini ya Ikweta, nambari yetu ya kwanza hupewa kijiti mbele, alama ya kutoa. Kijiti kidogo tu, kama kibiriti. Kikumbukeni. Kitatuletea matata.

"Na zile tarakimu za nyuma ya nukta ni za nini?"

Ah! Hizo ndizo tamu. Mgeni akitafuta nyumba yetu, anauliza kwanza mji, kisha mtaa, kisha mwembe. Tarakimu hufanya hivyo hivyo. Uzi mmoja ni kama kilomita 111, safari ya gari. Tarakimu ya kwanza nyuma ya nukta hukusogeza hadi kilomita 11. Ya pili, kilomita moja na ushei. Ya tatu, mita 111. Ya nne, mita 11, umefika uani. Ya tano, mita moja, umesimama pale alipo kambo na mwiko wake. Kila tarakimu ni mlango, na kila mlango uko ndani ya mwingine.

Basi nikaziandika nambari, nikampa Nukta. Akaenda mbio. Alipotua, akapiga kelele: "Mjomba! Huku kuna mchanga! Hakuna mti, hakuna makaa, hakuna mwembe. Kuna jua na upepo!"

Unajua alikuwa wapi? Alikuwa Sahara Magharibi, jangwani, kaskazini ya mji wa Smara. Na kosa halikuwa lake. Mimi niliandika latitudo kwanza, longitudo baadaye, kama mabaharia wanavyosema. Lakini programu nyingi za ramani zinataka longitudo kwanza, kwenda pembeni kabla ya kwenda juu, kama mnavyofundishwa grafu shuleni. Nukta alisoma 27.53 kuwa ni kwenda juu, na kijiti cha 11.59 akakisoma kuwa ni kwenda magharibi. Alitii. Nukta hutii tu, hana ubishi. Wanaotengeneza ramani za kwenye intaneti, hata waliosoma sana, huangukia shimo hilo kila siku, na mimi nimo.

Nikazigeuza nambari. Nukta akaenda tena mbio. "Mjomba! Huku kuna ng'ombe wengi, na watu wanaongea Kiarabu!"

Sudan. Upande wa Kordofan, si mbali na Muglad. Safari hii mpangilio ulikuwa sawa, lakini nilikisahau kijiti. Bila kijiti, kusini kunakuwa kaskazini. Kijiti kidogo kama kibiriti kilimrusha Nukta kilomita zaidi ya elfu mbili na nusu.

"Si ungemwambia jina tu? Luano!"

Nilimwambia, mpwa wangu. Akaniuliza, "Luano ipi?" Kwa maana hapo ng'ambo ya mpaka, Zambia, kuna wilaya nzima inaitwa Luano. Na yule dada yenu mkubwa anayeuza nguo komyuni ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi? Andika "Kenya" kwenye ramani uone. Utapelekwa nchi ya Kenya kabla hujamaliza kunawa mikono. Majina ni kama Mama Mwamba au Baba Ilunga. Ukiita sokoni, wanageuka kumi.

Mara ya tatu nikaandika vizuri. Longitudo, 27.53. Latitudo, kijiti, 11.59. Nukta akaruka, akatua taratibu, akapumua. "Mimi ni Nukta," akasema. "Nimefika."

"Sasa simu yako, Mjomba, inajuaje ilipo bila wewe kuiandikia?"

Uliza tena, mpwa wangu, uliza kila siku. Wakati wa mvua, radi ikipiga, mnafanya nini? Mnaona mwanga, mnahesabu: moja, mbili, tatu. Kisha ngurumo inakuja. Mkihesabu sekunde tatu, mnajua radi imepiga kama kilomita moja kutoka hapa. Simu yangu inacheza mchezo huo huo. Juu sana, kilomita 20,200, zinazunguka setilaiti. Kila moja inapaza sauti bila kuchoka: "Mimi niko hapa, na sasa ni saa fulani kamili!" Sauti yake ni mawimbi ya redio, yanayokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Simu inasikiliza, inatazama sauti ilichelewa kiasi gani, inajua setilaiti iko mbali kiasi gani. Setilaiti tatu zinatosha kukisia mahali. Ya nne ni ya kusahihisha saa ya simu, maana saa ya simu ni ya bei rahisi. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshahamishwa mita 300. Umelala kwenye ua wa jirani.

Haya. Nukta amefika, lakini amesimama juu ya nini? Juu ya ramani. Na ramani haiji nzima.

Mtazameni kambo. Ana gunia la unga ndani. Je, huleta gunia zima mezani? Hapana. Huleta bukari ya kutosha sahani yako. Ukimaliza, anaongeza. Ramani ya kwenye simu hupakuliwa hivyo hivyo, tonge kwa tonge. Tonge lake linaitwa kigae. Ni kipande cha mraba, kwa kawaida vidoti 256 kwa 256. Ukiwa mbali kabisa, dunia yote ni kigae kimoja. Ukikuza mara moja, kigae hukatwa vinne. Ukikuza tena, 16. Tena, 64. Ukifika daraja la 18, ambapo paa moja moja linaonekana, dunia ina vigae zaidi ya bilioni 68. Simu yangu ingepasuka! Kwa hiyo inaomba vile tu vinavyojaza kioo, labda kumi na mbili, labda ishirini. Ukisogeza kidole, inaomba vya pembeni. Hicho ndicho mnachokiona mtandao ukiwa mbovu: viraka vya kijivu, kisha kimoja kinajaa, kisha kingine, kama fundi anayepanga matofali. Zamani ulibonyeza mshale, ukangoja ukurasa wote uchorwe upya. Google Maps ilipotoka mwaka 2005 ndipo watu wengi walipozoea kuikokota ramani kama kitambaa juu ya meza.

Kila kigae kina anwani. Dunia ikikatwa mara mbili, ikawa vigae 16, Luano huangukia safu ya 2, mstari wa 2. Lakini mkihesabu kwa vidole mtakuta ni cha tatu na cha tatu.

"Kwa nini?"

Kwa sababu kompyuta huanza na sifuri. Inahesabu hatua ulizokwisha kuziacha nyuma, haihesabu ile unayoikanyaga.

Kuna jambo moja la vigae hivi linaniudhi, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesimulia, nitalisema. Dunia ni duara kama chungwa. Menya chungwa, jaribu kulaza ganda liwe bapa. Linapasuka. Ili lisipasuke, lazima ulivute. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani inayovuta sehemu za juu na za chini, na iliwafaa sana mabaharia. Ramani za intaneti zimerithi mvuto huo. Ndiyo maana mkitazama, Greenland inaonekana kubwa kama Afrika. Uongo mtupu! Afrika ni kubwa kama mara 14. Na Kongo yetu hii peke yake, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, inaizidi Greenland. Mwambieni mwalimu kesho.

Sasa picha.

Nilibonyeza kitufe, michoro ikaondoka, ikaja picha ya juu. Watoto wakasukumana. "Huu hapa uwanja!" Naam, uwanja ni rahisi kuuona. Njia ya kurukia ndege ina zaidi ya kilomita tatu, imenyooka kama rula. "Na mumbunda uko wapi?" Mumbunda huonekana pia, ule mlima mweusi wa takataka za shaba pamoja na dohani lake refu. Ni alama ya Lubumbashi hata kutoka mbinguni.

"Na sisi?"

Hapo Nukta akaanza kusitasita. Picha nyingine hupigwa na setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwezi wa 6 mwaka 2015, na zinapita kilomita 786 juu yetu. Macho yao yana mpaka. Kidoti kimoja cha picha yao ni mita kumi kwa kumi. Nyumba yetu, jiko la kambo na banda la kuku, vyote vimebanwa ndani ya kidoti kimoja chenye rangi moja. Uwanja wa ndege una vidoti zaidi ya 300 mfululizo. Sisi tuna kimoja. Kuna picha kali zaidi zinazoonyesha hata mwembe, lakini kupiga dunia nzima kwa ukali huo ni ghali, kwa hiyo hazirudiwi mara kwa mara.

Nikaifungua ile kali. Mpwa wangu akakunja uso.

"Mjomba, picha hii inadanganya. Jiko halipo. Na mti ulioanguka umesimama!"

Haidanganyi, nikamwambia. Ni ya zamani. Jiko lilijengwa baada ya picha kupigwa, na mti ulianguka baadaye pia. Picha ya ramani ni kama picha ya arusi ya kambo ukutani. Ni yeye, lakini si leo. Angalieni pia nyasi zilivyo kavu, na mabaka meusi ya moto wa porini. Hicho ni kiangazi. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi karibu Aprili, mawingu hutanda juu ya Katanga na setilaiti huona pamba tupu. Kwa hiyo watengenezaji wa ramani huchagua siku zilizo wazi. Mtu wa mbali akitazama atadhani Luano haijawahi kuwa kijani.

Na tazameni hapa, barabara iliyochorwa inapita juu ya paa la jirani. Jirani hajajenga barabarani. Picha na mchoro havikulaliana vizuri, kama kitenge kilichoshonwa ua la kushoto lisikutane na ua la kulia. Kuvuta picha mpaka pembe zake zikae juu ya ardhi ni kazi ya fundi, na fundi naye huchoka.

Kambo, aliyekuwa kimya wakati wote huo, akachungulia. "Hiyo picha yenu," akasema, "inajua Lumumba alishuka pale?"

Tukanyamaza. Haijui, Mama. Inaonyesha lami tu. Haijui kwamba tarehe 17 Januari 1961 ndege ilimleta Patrice Lumumba hapa Luano, amefungwa, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, na kwamba hakuuona usiku ule ukiisha. Lami ni lami. Mtu ndiye anayejua.

Sasa unaona, mpwa wangu, swali lako lilikuwa la nini? Rubani anaona paa. Setilaiti inaona paa. Nani atawaambia ni la nani?

Kuna watu walijaribu. Mwaka 2004 Steve Coast alianzisha huko Uingereza ramani ambayo kila mtu anaweza kuichora, OpenStreetMap. Mwaka 2014 Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu na wachoraji wa ramani hiyo wakaanza kazi waliyoiita Missing Maps. Lubumbashi yetu ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza. Watu walikaa mbali, wengine London, wakitazama picha kutoka juu na kuchora kila barabara na kila nyumba juu yake. Lakini barabara zao hazikuwa na majina hata moja. Wangeyajulia wapi? Ikabidi wenyeji wa hapa washike karatasi, waingie mitaani kwa miguu, wawaulize watu.

"Madaktari wanataka ramani ya nini? Si wana dawa?"

Kipindupindu kikija, mgonjwa akafika hospitali, wanamuuliza anakaa wapi. Anasema, "Karibu na mwembe mkubwa." Miembe ni mingapi mji huu? Mwaka 1854 daktari mmoja wa London, John Snow, aliweka alama kwenye ramani kwa kila aliyekufa kwa kipindupindu, akaona alama zimeizunguka pampu moja ya maji mtaa wa Broad Street. Nukta wale wadogo, wasio na mkono wala mguu, wakazungumza.

Kabla sijasahau, neno moja la pembeni. Simu inaweza kuficha zile nambari mbili ndani ya picha unayopiga. Ukimpiga kambo picha hapa uani na kuituma ovyo kwa usiowajua, pengine umewapa na njia ya kuja. Hili tutalizima pamoja kesho, asubuhi.

Lakini usiku ule watoto hawakungoja asubuhi. Mpwa wangu alileta daftari, akachora ua, akachora barabara kubwa, akachora ile njia nyembamba inayokwenda kisimani. Ramani ya simu ilikuwa na mstari tu pale, mweupe, bila neno.

"Naandika Njia ya Kichuguu," akasema.

"Nani kakwambia?" Kambo akageuka na mwiko mkononi. "Hiyo ni Njia ya Fundi wa Baiskeli. Tangu mama yako hajazaliwa."

"Lakini fundi hayupo, Kambo. Sisi hatujamwona. Kichuguu kipo."

"Kichuguu kilikuwepo hata kabla ya fundi, na hakuna aliyekiita jina."

Nikawaambia ramani ina nafasi ya yote mawili. Kuna mahali pa jina la leo, na mahali pa jina la zamani. Mji wenyewe uliitwa Élisabethville hadi 1966. Wakasikia, lakini hawakutulia. Dada mtu akaleta taarifa mpya: wafyatua matofali wameshakichimba kichuguu, kimebaki nusu, na wiki hii wamerudi na majembe.

Mpwa wangu akaishika kalamu juu bila kuandika.

"Basi kikiisha, tutaiita nini?"

"Nawa mikono," akasema kambo. "Bukari inapoa."